Kinyozi wa Kinyozi: Nani Anamsikiliza Mwalimu wa Unasihi?

Kazi ya unasihi hugawiwa kwenye kikao cha kufungua muhula, mwishoni kabisa, chai ikiwa imeshapoa na walimu wakichungulia saa. Mkuu wa shule anasoma majukumu: taaluma, nidhamu, michezo, mazingira, chakula, stoo. Akifika kwenye "ushauri na unasihi" ananyanyua macho na kuzungusha shingo. "Hii tumpe madamu, watoto wanampenda." Makofi mawili matatu, kikao kinahamia kwenye mchango wa msiba. Ndivyo nilivyoipata mimi, nikiwa na vipindi 26 vya Kiswahili kwa wiki na bila siku hata moja ya mafunzo. Ofisi ilikuwa nusu ya stoo. Nusu nyingine ilikuwa ya majembe.

Baada ya mwaka nikaanza kujificha. Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu ambaye kila nilipomwona akikata uwanja kuja kwangu, nilikumbuka ghafla kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Hakuwa msumbufu. Alikuwa na shida ambayo sikuwa na dawa yake, na nilikuwa nimeshamsikiliza mara tano.

Ukiuliza mwalimu wa namna hiyo afanye nini, utaambiwa ajitunze: alale mapema, anywe maji, atembee jioni, atenge muda wake, asali. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ila tunayo methali ambayo watu huikata katikati. Husema "kinyozi hajinyoi" kisha hucheka, kana kwamba kinyozi ni mvivu au mnafiki. Methali inaendelea: "na akijinyoa hujikata." Kinyozi ana wembe, ana mkono mwepesi, ana ujuzi wa miaka. Anachokosa ni kukiona kisogo chake. Hata akilala kwa saa kumi nzima, kisogo hataki​ona; lazima amkalie kinyozi mwenzake kitini. Makala hii ni kuhusu kiti hicho, na kuhusu kwa nini shule zetu nyingi hazina.

Jina lina mtego wake

Tanzania tunasema ushauri na unasihi, Kenya wanasema ushauri nasaha. Nasaha, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni maneno ya kheri anayopewa mtu na anayemtakia mema. Shangazi alikuwa akitoa nasaha, somo wa mwari alitoa nasaha, babu vilevile. Fani hii ilipoingia shuleni ikagawa kazi mbili. Ushauri ukawa kuelekeza: tahasusi gani ya kidato cha tano, chuo kipi, fomu ya mkopo inajazwaje. Unasihi ukawa kumsikiliza mtu mpaka aione njia yake. Kwa hiyo neno lililobeba nasaha tumboni ndilo limepewa kazi ya kutotoa nasaha.

Mzazi hajui hilo, na hana sababu ya kujua. Anamleta mtoto mlangoni: "Mwalimu, naomba uongee naye." Anataka mtoto asemwe. Mtoto naye ameshainamisha kichwa akisubiri mahubiri. Mwalimu aliyesoma kidogo anajua anatakiwa anyamaze, amwache mtoto aanze. Kunyamaza huku watu wawili wanakusubiri useme kunachosha kuliko vipindi vinne mfululizo, lakini anayekuona kwa mbali ataapa kwamba umekaa tu.

Mtego mwingine ni mlango ambao fani iliingilia. Mwezi Machi 2001 Kenya iliondoa viboko shuleni. Mwezi huohuo bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai, kilichochunguza nidhamu na ghasia katika sekondari mwaka huo, kilitaka ushauri nasaha uimarishwe. Kwetu Tanzania ulikuja Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 kuhusu huduma hii shuleni na katika vyuo vya ualimu. Viboko havikuondoka. Kanuni za mwaka 1979 zilirekebishwa tu, idadi ikapungua hadi vinne, na mwenye kuvichapa akawa mkuu wa shule au aliyemwandikia ruhusa.

Ukiitazama historia hiyo utaelewa kwa nini unasihi mara nyingi hupimwa kwa utulivu. Shule ikikaa kimya, mnasihi anafanya kazi. Wanafunzi wakigoma kula maharage, "huyu wa unasihi yuko wapi?" Mtu anayepimwa kwa jambo asilolimiliki atachoka hata kama kila mwanafunzi aliyeingia kwake alitoka akiwa mwepesi.

Uchovu una majina manne

Tunaposema "nimechoka na kazi hii" tunachanganya vitu vinne ambavyo havina dawa moja. Wataalamu wa nje wamevipa majina marefu. Nitavitaja kwa majina tuliyozoea kuyatumia sisi wenyewe kwenye mazungumzo.

Kwanza kuna kuchakaa. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure jijini New York, aliandika kuhusu watoa huduma walioanza na ari kubwa wakaishia kama nguo iliyofuliwa mno. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo chenye sehemu tatu: kukaukiwa moyoni, kuwaona watu kama mafaili, na kujihisi kwamba kazi yako haina tija. Hiyo ya kati ndiyo ya kuogopa shuleni. Siku utakapojisikia ukisema "yule wa mimba" au "wale watoro wa 2B", jina la mtoto likiwa limekutoka, ujue. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, lakini halikuiita ugonjwa. Liliiita hali inayohusiana na kazi, inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwalimu akichakaa, swali la kwanza ni kazi ikoje. Tabia zake za kulala zinafuata nyuma.

Cha pili ni kuishiwa huruma, jambo ambalo Charles Figley alilichambua kwa kina katika miaka ya 1990. Huku kunaweza kukufika ghafla, hata kazi yenyewe ikiwa bado unaipenda. Mtoto analia mbele yako na wewe unahesabu vigae vya dari.

Cha tatu nakiita kiwewe cha kuazima. Mwaka 1990 Lisa McCann na Laurie Ann Pearlman walieleza jinsi msikilizaji wa visa vya ukatili anavyobadilika ndani: anavyoiona dunia, anavyowaamini watu, anavyojihisi salama. Hukupigwa wewe, hukubakwa wewe, lakini habari imehamia kwako na kuweka godoro. Mimi ilinijia hivi: baada ya kusikia visa vya wajomba na binamu kwa miaka miwili, nikamkataza binti yangu kwenda kulala kwa kaka yangu wakati wa likizo. Kaka yangu hakuwa amefanya lolote. Aliniuliza kulikoni, nikashindwa kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ni siri za watoto wa watu. Tulinuniana mpaka Idi.

Likizo hupunguza kuchakaa, angalau kwa wiki mbili. Kiwewe cha kuazima utakwenda nacho likizo.

Cha nne ni jeraha la dhamiri, na hapa nitakaa kidogo, maana naona ndilo linalowatoa walimu wengi kwenye kazi hii bila wao kulitaja. Jina lilianza na Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu askari waliotoka vitani Vietnam, kisha likahamia kwa wauguzi na wengine. Ni maumivu ya mtu aliyejua la haki akashindwa kulitenda, au akalazimishwa kutenda kinyume chake.

Chukua hali ilivyokuwa Tanzania Bara kabla ya Novemba 2021. Msichana anakuja kwa mwalimu wa unasihi kwa sababu ndiye mtu mzima pekee anayemwamini, na anamwambia hajaona siku zake. Mwalimu anajua nini kinafuata: vipimo, barua, na jina la mtoto kufutwa shuleni. Aliyekuja kutafuta msaada amekabidhi siri kwa mtu ambaye mfumo unamtaka amtoe. Walimu walichagua njia mbalimbali. Wapo walioandika, na wapo waliojifanya hawakusikia na kumwacha amalize mtihani wake akiwa amevaa sweta kubwa. Sijakutana na hata mmoja, wa upande wowote, anayelala vizuri akikumbuka. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Uliwafungulia mlango wasichana. Kuhusu walimu waliobeba miaka ile, hakuna aliyewauliza.

Au chukua kesi ambayo bado ipo kila mahali. Mtoto amefanyiwa ukatili. Unampeleka polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, mnapata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mnakwenda hospitali, unarudi saa mbili usiku ukiwa na njaa na viatu vyenye vumbi. Wiki tatu baadaye mama yake anakuja, hataki kukutazama usoni. "Mwalimu, mambo haya tumeyamaliza nyumbani." Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Adhabu ni nzito, na pale mtuhumiwa anapokuwa ndiye analisha nyumba, uzito huo huhamia kwa familia, na familia hunyamaza. Shahidi hatokei na jalada linalala. Mtoto anaendelea kuja darasani kwako, anakaa dawati la tatu, na nyote wawili mnajua.

Kwa jeraha hili kupumua kwa kina hakusaidii kitu. Linahitaji mtu mwingine wa kulithibitisha, anayeweza kusema: nimeona ulichofanya, ulifanya kilichowezekana, na hiki hapa hakikuwezekana kwa sababu hizi. Ukijiambia mwenyewe maneno hayohayo hayana nguvu.

Kofia mbili, kufuli moja, mfuko uliotoboka

Mnasihi wa shule zetu ni mwalimu wa darasa, na wiki yake ya zamu ikifika ni askari wa getini. Saa moja na robo asubuhi anawapigisha magoti wachelewaji. Saa tisa alasiri mmoja wa wachelewaji wale anagonga stoo yake kumweleza kwamba huchelewa kwa sababu anamwogesha bibi yake aliyepooza. Mtoto anaweza kuvuka kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Kuna watoto wana kipaji hicho. Anayepasuka ni mwalimu, kwa sababu kila siku anaigiza nyuso mbili na zote zinatakiwa ziwe za kweli. Ushauri wangu hapa ni mdogo lakini niliupigania: mnasihi asishike fimbo wala asiandike majina ya wachelewaji. Kwenye wiki ya zamu apewe usafi, chakula, kengele, chochote. Mkuu mwenye busara atakubali, maana haimgharimu hata shilingi.

Kufuli ni siri. Wageni wa kazi hii hudhani uzito wa siri ni kuzuia ulimi. Uzito wenyewe ni kutojua siri ipi ni yako kuitunza na ipi sheria imekuzuia kuitunza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa hiyo ahadi ya "hutasikika popote, mwanangu" ni ahadi utakayoivunja, na ukiivunja mara moja, habari zitafika mabwenini kabla ya kengele ya jioni. Nilijifunza kusema haya kabla mtoto hajafungua mdomo: "Tutakayozungumza ni yetu. Isipokuwa ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au utamuumiza mwingine. Hapo itabidi tutafute msaada, na nitakuambia kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine." Sentensi hizo huonekana zimewekwa kwa ajili ya mtoto. Zilinilinda mimi vilevile. Baada ya kuzizoea sikuwahi tena kukesha nikijiuliza kama nimemsaliti mtu.

Na ofisi ya walimu? Kule siri hutafutwa kwa upole. "Hivi yule mtoto ana nini?" Jibu lililonifaa ni "Anaendelea," kisha kuomba sukari.

Simu ni kufuli la kisasa lisilofungika. Ujumbe wa saa tano usiku, "madam upo", hauachi mtu alale. Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto, isiyo na malipo. Iandike kwa chaki mlangoni, waeleze wanafunzi mstarini kwamba baada ya saa mbili usiku simu yako imelala na 116 iko macho. Wapo watakaokuona una roho mbaya. Vumilia.

Halafu kuna mfuko, ambao vitabu vya kigeni vya fani hii haviutaji kabisa. Mnasihi wa shule ya kutwa hutoa nauli, hununua sodo, hulipia mtihani wa majaribio, humpa mtoto buku la chapati kwa sababu huwezi kumnasihi mwenye njaa. Mwezi wa kwanza ni elfu tano. Mwezi wa nne unamficha mume hesabu. Kinachouma zaidi ya fedha ni kwamba uhusiano unageuka: mtoto anakuja kwa sababu ya nauli, na wewe huna tena uhakika unasikilizwa au unakamuliwa, kisha unajichukia kwa kuwaza hivyo. Niliweka kiwango changu cha mwezi kwenye bahasha. Bahasha ikiisha, nasema imeisha, na ninampeleka mtoto kwa mtendaji au kwa afisa ustawi wa jamii. Baadaye tulipeleka hoja kwenye bodi ya shule, likatengwa fungu dogo la sodo na nauli za dharura. Dogo kweli, lakini halikuwa langu.

Mfiwa aliyepewa jiko

Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, liliungua na watoto 21 wakafa. Baada ya misiba kama hiyo huja wataalamu kwa siku kadhaa, kisha huondoka, na kazi hubaki kwa walimu waliokuwa wakiwaita watoto wale majina kila asubuhi.

Fikiria tunavyozika. Mfiwa hapiki. Majirani huleta maji, kuni, unga. Kina mama hushika jiko. Wanaume hukaa nje usiku na moto. Mfiwa ana kazi moja, kulia, na mkeka wake haumtoki mpaka matanga yaanuliwe. Shule inapopata msiba, mwalimu wa unasihi ni mfiwa aliyepewa jiko. Anatakiwa kuwaliwaza wenzake na wanafunzi huku madaftari ya marehemu bado yako mezani kwake hayajasahihishwa. Ukweli ni kwamba desturi zetu ziliujua uchovu wa mhudumu zamani, zikaugawa kwa mikono mingi. Shule, yenye kengele na ratiba, ndiyo iliyosahau.

Kiti chenyewe

Kule Uingereza chama kikubwa cha wanasihi, BACP, kinamtaka mwanachama wake aliyeidhinishwa akae na msimamizi wake wa kitaalamu si chini ya saa moja na nusu kila mwezi, hata kama ana uzoefu wa miaka thelathini. Msimamizi huyo si bosi wa kukagua. Ni mnasihi mwenzake anayemsaidia kuona kisogo. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo angalau fani imetambuliwa kisheria. Katika shule ya kata yenye mnasihi mmoja wa kuteuliwa kikaoni, msimamizi wa kitaalamu ni ndoto. Basi tulitengeneza kitu kidogo.

Tulikuwa watano kutoka shule jirani, tukikutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika kituo cha walimu. Mtindo tuliuiba kwenye vikoba, kwa kuwa sote tulikuwa wanachama wa vikoba na tulijua jinsi kikundi kisicho na kanuni kinavyokufa. Kanuni zetu ni hizi. Mmoja anazungumza kwa dakika ishirini, zamu kwa zamu kama mchezo wa pesa. Kisa hakina jina la mtoto, shule wala kijiji. Tukihisi tunamjua, tunanyamaza. Katika dakika hizo hakuna kutoa nasaha. Hii ilikuwa ngumu kuliko zote, maana sote ni walimu, na mwalimu akisikia tatizo mkono wake unatafuta chaki. Baada ya hapo tunauliza maswali mawili tu: kisa hiki kimekugusa wapi wewe, na kipi ndani yake si chako kukibeba? Mwisho msemaji anataja jambo moja atakalofanya kabla ya mwezi ujao. Mara nyingi jambo lenyewe ni kupeleka mbele: ustawi wa jamii, hospitali, polisi. Ilinichukua miaka kuona kwamba kupeleka mbele ni kazi. Nilikuwa nikiona ni kushindwa.

Kwa Tanzania nafasi ya kisheria ipo bila kuomba kibali kipya. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unataka walimu wawe na jumuiya za ujifunzaji. Hakuna anayezuia jumuiya moja katika kata iwe ya wanasihi. Ukienda kwa afisa elimu kata ukisema "tunataka kukutana tupunguze msongo," atakuambia sote tuna msongo. Ukisema "jumuiya ya ujifunzaji ya unasihi," atakuuliza mnaanza lini.

Kiti kinahitaji muda, na muda uko kwenye ratiba ya vipindi. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Sitaki kumtajia mkuu wa shule yenye wanafunzi 900 takwimu hiyo, atacheka. Nilichofanya ni kuweka daftari la mistari: kila anayeingia, mstari mmoja, aina ya shida kwa herufi, dakika zilizotumika. Hakuna majina. Mwisho wa muhula nilijumlisha na kupeleka ukurasa mmoja. Mkuu alikuwa akiamini naona watoto wawili watatu kwa wiki. Alipoona saa zenyewe akanipunguzia vipindi sita na kunipa chumba chenye dirisha upande wa uwanja, ambapo tunaonekana lakini hatusikiki. Dirisha hilo ni kinga ya mtoto na ya mwalimu, hasa kwa mwalimu wa kiume anayekaa na msichana. Mlango uliofungwa umeshaharibu majina ya watu wema.

Yako mambo madogo ya mwili pia, nayo nayafanya: kunawa uso kati ya mtoto na mtoto, kutotembea na kisa mpaka nyumbani (nina mti njiani ambapo nakiacha, mume wangu anauita mti wa umbea), kusali. Lakini kama usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, kama chakula hakipiti, kama wazo la kutokuwepo linakuja na kukaa, hapo si suala la kikundi cha Jumamosi. Ni la daktari. Watu wetu wakisikia afya ya akili husema "atapelekwa Mirembe", hospitali ya akili ya Dodoma, na kuangua kicheko, na walimu tunacheka nao. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Unachukua kadi dirishani kama wa malaria. Mmoja wetu alikwenda. Alituambia kilichomshangaza ni foleni: aliwakuta huko watu anaowaheshimu.

Katika mkutano wetu wa pili, mwalimu mwenye umri mkubwa kuliko sote, anayekaribia kustaafu, alisema yeye hana kisa cha mwezi huo. Kisha akasema anacho cha zamani. Kilikuwa cha miaka kumi na mmoja nyuma, cha mtoto aliyekuja mlangoni kwake siku ya mitihani akaambiwa arudi kesho. Dakika ishirini zikapita, hakuna aliyemkatisha. Vitumbua vilikuwa katikati ya meza havijaguswa. Alipomaliza akauliza kama anaweza kuondoka mapema, tukamwambia ndiyo, lakini hakuondoka.

Mwezi uliofuata tulikuwa tisa.